Mama Fundi Anajibu: Jiko dogo, mtungi mkubwa

Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza jambo moja kwa midomo tofauti. Watu walioanza na mtungi wa kilo 6 sasa wamepata wa kilo 15, wengine wa kilo 38, na kila mmoja anataka chombo chake cha zamani kitumie mtungi mpya. Sishangai. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na hapa Dar es Salaam mabadiliko nayaona kwa macho. Nilipoanza kufunga majiko Temeke mwaka 2006, wenye gesi mtaani kwetu nilikuwa nawahesabu kwa vidole. Leo mtungi hauulizwi. Ila mitungi imeongezeka haraka kuliko watu wanaojua kuifunga, na hilo linaninyima usingizi. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu zile nyingine zinaiegemea.

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mama lishe, napikia karibu na soko la Buguruni. Miaka mitatu nimetumia mtungi wa kilo 6 na kile kichomeo chake kinachofungwa juu. Mwezi uliopita kikundi chetu kimenikopesha mtungi wa kilo 15. Kuna kijana fundi ananiambia ninunue mpira tu, aunge kichomeo changu cha zamani na mtungi mkubwa, nisiingie gharama ya jiko jipya. Mwenzangu wa meza ya pili ananitisha, anasema mtungi mkubwa una nguvu, utakipasua kichomeo. Nimsikilize nani?
Mama Lishe, Buguruni

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtungi. Wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. Nianze na mwenzako.

Mtungi mkubwa hauna nguvu kuliko mdogo. Chukua ndoo na tangi la lita elfu, viweke juu ya mnara mmoja, kimo kimoja, kila kimoja na bomba lake. Maji yatatoka kwa kasi ileile, ila ndoo itakauka mapema. Gesi yetu ndivyo ilivyo. Ndani ya mtungi imekaa kama maji, na juu ya maji hayo kuna mvuke unaosukuma. Msukumo huo unategemea mchanganyiko wa propani na butani uliojazwa humo, na joto la siku hiyo. Ukubwa wa mtungi haumo. Mitungi yako miwili, ikiwa na gesi moja na imekaa kwenye kivuli kimoja, ina presha moja.

Lakini presha hiyo si ya kuchezea. Kwa joto letu la nyuzi 30, butani peke yake inasukuma kama maji yanayoshuka kutoka ghorofa ya tano au ya sita. Propani peke yake inasukuma kama maji yanayoshuka kutoka ghorofa ya thelathini. Mtungini zimechanganywa, kwa hiyo msukumo uko katikati ya hapo. Sasa jiko la pleti la nyumbani linataka presha ya maji yenye kimo cha rula ya mwanafunzi, ile ya sentimita 30. Basi, hakuna zaidi. Kazi ya kuishusha presha kutoka ghorofani mpaka kwenye rula inafanywa na kidude kimoja, regulata, kile kinachovikwa kwenye mdomo wa mtungi. Ndiyo maana mtu akiniletea jiko lolote siulizi kwanza mtungi wake ni wa kilo ngapi. Nauliza presha inashushwa wapi.

Kichomeo chako cha zamani hakina regulata. Kimetengenezwa kipokee gesi kwa presha ileile ya mtungini, na kinachoituliza ni tundu la jeti tu, yaani kile kijitundu gesi inapotokea kwenda motoni. Siku ukiwa na nafasi, kichomeo kikiwa kimefunguliwa na kimepoa, kiinue juani ulitafute tundu hilo. Utalitafuta sana. Jeti ya jiko la pleti ncha ya sindano inaingia, lakini ya kichomeo chako ni unywele tu. Sasa kijana akikiunga kwa mpira akaweka regulata ya nyumbani, presha ya rula haitaweza kupenya kwenye tundu lile. Utapata moto wa mshumaa, na ugali hautaiva. Hapo ndipo atakapokwambia, "Mama, tuitoe regulata, moto utakuwa mkali." Na kweli utakuwa mkali. Lakini ule mpira utakuwa umebeba presha ya ghorofani, nao ni mpira wa kawaida wa gesi ya nyumbani, uliosukumizwa kwenye chuchu ya chuma na kushikwa na kibano. Haukutengenezwa kwa mzigo huo. Utavumilia siku mbili, wiki mbili, halafu mchana mmoja wa jua kali utachomoka wewe ukiwa umeinama unageuza maandazi.

Kichomeo kikiwa juu ya mtungi wake mdogo hakina shida hiyo, maana hakuna mpira katikati. Chuma kimekaa juu ya chuma, na kati yao kuna oringi, yaani pete ya mpira. Usalama wake wote uko hapo. Kwa hiyo mtungi wa kilo 6 na kichomeo chake viache vikae pamoja kama mlivyonunua, uchemshie chai na kupashia maharage. Wala usimruhusu mtu akifunge kichomeo hicho moja kwa moja juu ya mtungi wa kilo 15, hata ikitokea mdomo umekubali. Sufuria ya wali ingekaa juu mno, na watoto wa sokoni wanapita mbio.

Kwa mtungi mkubwa nunua jiko la pleti mbili, au la pleti moja la chuma kizito kama sufuria zako ni kubwa, pamoja na regulata ya presha ndogo inayolingana na mdomo wa mtungi wako. Midomo ya mitungi haifanani yote, na regulata isiyolingana huwa inaingia nusu. Mwambie muuzaji aivike mbele ya macho yako kabla hujalipa. Mpira uwe na maandishi ya kiwanda na mwaka ubavuni, na nembo ya TBS. Mita moja na nusu inatosha. Chukua na vibano viwili vya skurubu, kimoja cha upande wa regulata na kimoja cha upande wa jiko.

Kufunga kwenyewe nakuelekeza jinsi ninavyofanya mimi. Kata ncha ya mpira iwe imenyooka, kwa kisu kikali, usiitafune kwa mkasi. Ichovye kwenye maji ya moto ya kuoga, si ya kuchemka, ihesabu mpaka thelathini. Kivishe kibano kwanza, halafu sukuma mpira kwenye chuchu mpaka uvimeze vile vituta vyote vya chuma. Usikubali kimoja kibaki nje. Sogeza kibano kikae nyuma ya kituta cha kwanza, kaza skurubu mpaka mpira uanze kubonyea, uishie hapo. Ukizidisha, chuma cha kibano kitaukata mpira polepole, na hutakiona kwa sababu kinakatia kwa chini.

Upande wa mtungi, fungua kifuniko uchungulie ndani ya mdomo kwa mwanga wa mchana. Utaona washa, yaani pete nyeusi ya mpira. Ikiwa imepasuka, imepinda, au haipo, rudisha mtungi kwa wakala. Huo haufungwi hata kwa dakika moja. Ikiwa nzima, vika regulata swichi yake ikiwa imezimwa, sukuma mpaka usikie inalia "kla", halafu ijaribu kuivuta juu kwa mkono. Isipotoka, imekaa.

Kisha povu. Changanya sabuni ya kuoshea vyombo na maji kidogo kwenye kikombe, liwe povu zito. Vifundo vya jiko viwe vimezimwa, regulata imewashwa. Chukua mswaki wa zamani upake povu kwenye mdomo wa mtungi, kwenye kila kibano, na urefu wote wa mpira. Ukiona kipovu kimoja kinavimba taratibu, kinapasuka, kinavimba tena palepale, hapo panavuja. Zima, kaza, paka tena. Mtu akiwasha kiberiti ili kutafuta panapovuja, mtoe jikoni kwako, hata kama anajiita fundi.

Nakusisitizia vibano kwa sababu ya jambo nililolifanya mimi mwenyewe mwaka 2009, Keko, kwenye nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana koridoni. Nilikuwa namfungia mpangaji wa chumba cha pili jiko la pleti mbili. Kibano kimoja kilikuwa kimeharibika meno, ilikuwa jioni, maduka yanafungwa. Nikafunga mpira kwa waya. Niliuvuta, ukashika. Nikapima kwa pua, sikusikia kitu, nikaondoka. Usiku ule mpangaji hakuzima kwenye regulata, alizima vifundo vya jiko tu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu mpaka mara mbili, haipandi juu kutokea dirishani. Inashuka sakafuni na kutambaa. Ilipita chini ya mlango, ikatulia koridoni. Alfajiri mama wa chumba cha tano alitoka kukoroga uji wa mtoto, akawasha jiko la mafuta ya taa. Alinisimulia baadaye kwamba moto haukuruka. Ulikimbia sakafuni kama maji yaliyomwagika, rangi ya bluu, ukamfika kwenye vifundo vya miguu na kuendelea mbele yake. Nilikwenda kumwona wodini siku kumi na moja mfululizo. Alipona. Lakini makovu ya miguu yake nayajua, na tangu siku hiyo mkoba wangu haukosi vibano kumi vipya.

Kwa hiyo kila usiku, ukimaliza kupika, zima kwenye regulata. Na ukisikia ile harufu kali, ambayo huwekwa makusudi kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu, zima mtungi, fungua milango, watoe watu, usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima. Simu utapigia nje. Zimamoto ni 114.

SWALI: Habari za kazi Mama Fundi. Kaka yangu anaishi Marekani. Alipokuja likizo alituletea jiko la kambini la vichomeo viwili, linalofungwa kimtungi cha kijani kinachotosha kushikwa kwa mkono mmoja. Kimtungi kimekwisha. Kariakoo nimekutana na mtu anayesema atakijaza kutoka mtungi wetu wa kilo 15 kwa kuugeuza kichwa chini. Mwingine anasema atanichongea adapta niunge jiko moja kwa moja kwenye mtungi mkubwa. Ipi ni salama?
Mwalimu, Tabata

JIBU: Mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza kabla. Zote mbili si salama, na nitakueleza kwa nini ili usije ukashawishiwa na mtu wa tatu.

Kimtungi hicho hubeba ratili moja ya propani, karibu gramu 465. Kimetengenezwa kitumike mara moja tu. Kisome ubavuni, wewe Kiingereza unakijua: kimechapwa onyo kwamba sheria ya huko inakataza kukisafirisha kikishajazwa tena, na adhabu ni faini mpaka dola 500,000 na kifungo mpaka miaka 5. Nchi haiweki adhabu ya namna hiyo kwa jambo dogo. Bati lake ni jembamba, na vali yake haikutengenezwa kufunguliwa na kufungwa mara nyingi.

Kuhusu kugeuza mtungi kichwa chini, kinachoshuka pale ni gesi ikiwa bado maji, na inashuka bila kipimo. Kiwandani mtungi hujazwa kwa mizani, na karibu sehemu moja ya tano huachwa wazi makusudi. Gesi ikipata joto maji yake hutanuka, na nafasi ile ndiyo inayoyapokea. Kimtungi kikijazwa kikafura, ukakiacha kwenye gari lililoegeshwa juani Mnazi Mmoja, maji hayo hayana pa kutanukia. Hapo ama vali itatema gesi ndani ya gari, ama bati litapasuka. Na wakati wa kujaza kwenyewe, lita moja ya maji hayo ikimwagika inakuwa gesi lita 250 hivi, miguuni kwenu, kwenye kichochoro cha Kariakoo ambako mita tatu mbele mtu anachoma mahindi.

Sasa adapta. Ni kweli huko Marekani wanauza mipira ya kuunga majiko kama hayo na mitungi mikubwa, ile ya ratili 20, yaani kilo 9 hivi. Lakini rudi kwenye swali nililomwambia Mama Lishe: presha inashushwa wapi? Tazama jiko lako, utaona mkono wa bomba la chuma unaounga kimtungi na jiko. Regulata iko hapo, kwenye mkono huo. Maana yake mpira wao unabeba presha nzima ya mtungini mpaka ufike jikoni, nao umetengenezwa kwa hilo: mnene, ncha zake zimebanwa kiwandani, hakuna cha vibano. Ncha ya upande wa pili ina hesi, yaani meno ya kuzungushia kama ya skurubu, za vali za kwao. Mitungi yao ya kati ya ratili 4 na 40, tangu Aprili 2002, haijazwi tena isipokuwa ina vali yenye kielea ndani, kama kile cha tangi la choo, kinachokata ujazaji ikifika kiwango. Ni mfumo mwingine kabisa. Midomo ya mitungi yetu haiukubali, na kaka yako akikuletea mpira huo bado utahitaji kitu cha kuchongwa katikati.

Na cha kuchongwa ndicho ninachokikataa. Nimeshika adapta za shaba zilizochongwa gereji, zinapendeza, zinang'aa. Niliipaka moja povu, hesi zote zikatoa mapovu kama mdomo wa kaa. Mchongaji alikuwa amepima kwa jicho. Wengine watakushauri uvike regulata yetu ya nyumbani kwanza, halafu mpira, halafu jiko lako. Hapo unakuwa na regulata mbili mfululizo. Ya kwanza inashusha mpaka kwenye rula, ya pili iliyotegemea presha ya ghorofani inakosa cha kufanyia kazi. Moto utakufa kila ukiweka sufuria. Na wa mwisho atakuambia akate ule mkono wa chuma. Mwalimu, siku jiko likikatwa regulata yake, hakuna tena anayejua linataka presha gani.

Zawadi ya ndugu inauma kuiweka kando, nalielewa hilo. Lifute mafuta, ulifunge kwenye boksi lake, kaka akija tena arudi nalo. Pesa ya adapta na mpira itakusogeza karibu na bei ya jiko dogo la pleti mbili linalokubali mtungi ulio nao. Kimtungi cha kijani usikitupe jalalani, maana majalala yetu huchomwa moto, na kilichokwisha huwa kina mabaki. Usikitoboe. Kipeleke kwa wakala wa gesi umwombe akipokee pamoja na mitungi mibovu, na akikataa, kikae nje kivulini mbali na watoto mpaka umpate atakayekipokea.

SWALI: Mama, mimi nakaanga chipsi Manzese, jioni mpaka saa sita usiku. Natumia jiko la chuma la moto mkali kwenye mtungi wa kilo 6. Baada ya nusu saa mtungi unatoka jasho, unakuwa baridi kama soda ya friji, moto unalegea na gesi bado imo. Nikiulaza ubavu moto unarudi. Wenzangu wote tunafanya hivyo. Kuna ubaya?
Kijana wa Chipsi, Manzese

JIBU: Mwanangu, usiulaze tena, hata leo usiku.

Mtungi ukisimama, kinachotoka juu ni mvuke. Ukilala, kinachotoka ni maji yake. Regulata haikutengenezwa kupitisha maji, na hayo maji yakifika kwenye jiko yanafumuka mara 250 pembeni ya karai lenye mafuta yanayochemka. Moto unaourudisha kwa kuulaza ndio huo, ila mpaka sasa umekuja kidogo kidogo. Siku mtungi ukiwa umejaa hautakuja kidogo.

Jasho lenyewe lina sababu. Ili maji ya gesi yageuke mvuke yanahitaji joto, na joto hilo yanalivuta kwenye bati la mtungi na hewa inayougusa. Wewe unavuta gesi kwa kasi ya jiko la hotelini kutoka kwenye mtungi wa kuchemshia chai ya familia. Bati ni dogo, halipati joto la kutosha, maji yanapoa, na yakipoa presha inashuka. Usiumwagie maji ya moto wala usiusogeze karibu na jiko ili upate joto.

Dawa yake ndiyo faida halisi ya mtungi mkubwa. Nimemwambia Mama Lishe kwamba hauna presha zaidi, na hapa sijabadilisha neno. Ila una bati kubwa zaidi na maji mengi zaidi, kwa hiyo unaweza kutoa mvuke mwingi kwa mfululizo bila kupoa. Kwa jiko lako wa kilo 15 ni afadhali, wa kilo 38 ndio hasa. Kama fedha haitoshi, tafuta mwenzako wa meza ya jirani msaidiane kununua, lakini kila mmoja awe na mtungi wake, msigawane mmoja kwa mipira miwili.

Jiko hilo la chuma linatumia regulata ya presha kubwa, ile yenye mpini wa kuzungusha. Presha yake ni nyingi mara nyingi kuliko ya nyumbani, kwa hiyo mpira nao uwe wa presha kubwa, uandikwe hivyo ubavuni. Huu wa rangi unaouzwa kwa mita bila maandishi usiuguse. Fungua mpini taratibu, robo mzunguko, usikie moto unavyojibu. Na mtungi utoke chini ya meza ya kukaangia. Najua nafasi ni finyu na wezi wapo, lakini karai likimwagika mafuta yanashuka hapohapo ulipo mtungi. Uweke pembeni, mita moja na nusu, umesimama wima, umefungwa mnyororo kwenye nguzo.

SWALI: Mama Fundi, mimi ni babu, nipo Kigamboni na wajukuu wanne. Nataka mtungi wa kilo 38 ukae nje, jiko libaki ndani. Nimeshanunua mpira wa mita 6, naupitisha dirishani. Je, ni sawa?
Babu, Kigamboni

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kuutoa mtungi nje umefanya jambo jema sana, na wajukuu wanne ni sababu tosha. Ila mpira haupiti dirishani wala ukutani. Dirisha likifungwa linaubana, panya wanautafuna, jua la Kigamboni linaukausha ukapasuka mahali usipopaona. Kutoka nje kwenda ndani pitisha bomba la shaba au la chuma, lifungwe ukutani na fundi mwenye ujuzi wa gesi, likipita ukutani livishwe bomba lingine la kulikinga, na ndani liishie kwenye vali ya kufungia iliyo karibu na jiko. Mpira uanzie hapo, mita moja tu mpaka jikoni.

Mtungi ujengee kibanda cha nondo chenye paa la kivuli, chini kiwe wazi ili gesi ikivuja itawanyike. Usikiweke juu ya mtaro wala karibu na chemba ya choo, maana gesi itateremka humo ikajikusanya. Na kwa kuwa uko karibu na bahari, kila ukibadilisha mtungi mwambie kijana wa wakala auinamishe kidogo uone kitako chake. Chumvi huanzia pale. Ukiona kutu inayobanduka magamba, ukatae, akuletee mwingine, na aupime kwenye mizani mbele yako: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma karibu na mdomo, ujumlishe kilo 38, mizani isome hivyo.

Huo mpira wa mita 6 usome ubavuni. Ukiwa na jina la kiwanda, mwaka, na maandishi kwamba ni wa gesi, kata mita moja ya jiko lako na mita moja na nusu nyingine umpe jirani anayeuhitaji. Ukiwa hauna maandishi yoyote, umwagilie mchicha, usiingie jikoni.